Pegi ya Nguo na Ndege ya Rimoti: Historia Fupi kwa Watu wa Kisii na Nyamira

Leo naomba tuweke kando mambo ya programu na hifadhidata, tuzungumze juu ya ndege. Sina maana ya zile kubwa zinazopeleka watu Dubai. Nasema ndege ndogo za mfano zinazoongozwa kwa redio, zile ambazo wengi wetu huziita ndege za rimoti. Watu watatu kutoka Kisii na Nyamira wameniuliza, kwa nyakati tofauti, swali lilelile: "Nimepata pesa kidogo, ninunue ndege gani?" Jibu langu huwachosha. Huwaambia wasinunue ndege kwanza. Watafute watu wawili, uwanja mmoja, na pegi ya nguo.

Ndiyo, pegi ya nguo, ile ya kubania mashati kwenye kamba. Ili unielewe, itabidi nianze na kosa langu mwenyewe, kisha turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, halafu tufike tena nyumbani.

Desemba 2016

Mimi ni mzaliwa wa Nyamira. Tulipokuwa watoto tulitengeneza magari ya waya na mipira ya maganda ya migomba. Propela tulikata kwa jani la hindi, tukalichoma kwa mwiba, tukakimbia nalo dhidi ya upepo mpaka lizunguke. Kwa hiyo nilipoanza kulipwa kwa kuandika programu, nilikuwa nikijua kitu kimoja ambacho lazima ninunue.

Desemba 2016 nilirudi nyumbani kwa likizo nikiwa na ndege ya povu jepesi, upana wa mabawa mita 1.2, mota ya umeme na betri ya lithiamu. Nilikuwa nimejifundisha kuirusha kwa kutazama video. Sikuwa mwanachama wa klabu yoyote. Sikuwa nimeomba ruhusa kwa mtu yeyote, kuanzia wenye mashamba hadi serikali. Nilisimama juu ya mteremko. Chini yangu kulikuwa na michai ya majirani na njia ya miguu inayoteremka mtoni.

Dakika ya tatu ndege ilipita nyuma ya kilima chenye mikaratusi. Nikasogeza usukani, haikuitika. Mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 hayapendi kuzunguka vilima. Yanataka kuonana na ndege ana kwa ana. Risiva ilipokosa mawimbi ilifanya kile ilichopangiwa: ilishikilia amri ya mwisho iliyopokea. Amri ya mwisho ilikuwa mota kwa nguvu zote.

Niliikuta kwenye ile njia ya miguu, pua imezama katika udongo mwekundu, propela imevunjika. Hatua mbili kutoka hapo alikuwa amesimama msichana wa miaka kama minane na mtungi wa maji. Hakulia. Alikuwa anaitazama tu. Bibi yake, omong'ina mmoja anayenijua tangu utoto, alitokea kwenye michai na kikapu mgongoni. Hakunigombeza. Aliuliza, "Mwanangu, kitu hiki kina mwenyewe?"

Nikasema, "Ni changu, nyanya."

"Basi mbona kimekuja peke yake?"

Sikuwa na jibu. Kupanga risiva izime mota inapopoteza mawimbi ni kazi ya dakika mbili. Imeandikwa katika kijitabu kilichokuja ndani ya boksi, na mimi, ambaye mshahara wangu unatokana na kuwaambia wengine wasome maelekezo, sikuisoma. Nilikaa mwaka mzima bila kurusha chochote. Badala yake nikaanza kusoma historia ya mchezo huu, na hapo ndipo nilipokutana na ile pegi.

Mashua, nyuki na mapacha

Kuongoza chombo kwa redio kulianza majini. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Hakukuwa na waya wala kamba, lakini mashua ilitii. Mwaka huohuo akapewa hataza ya uvumbuzi wake. Kumbuka wakati huo redio yenyewe ilikuwa bado changa. Hapakuwa na kituo hata kimoja cha matangazo duniani.

Angani jeshi lilitangulia. Mwaka 1935 Waingereza walikuwa na ndege iliyoitwa Queen Bee, yaani malkia wa nyuki, iliyoongozwa kwa redio ili wapiga mizinga wapate shabaha ya kujifunzia. Wengi husema neno droni limetokana na hapo, kwa kuwa kwa Kiingereza ndilo jina la nyuki dume.

Lakini kwa watu wa kawaida kama mimi na wewe, jina la kukumbuka ni la ndugu mapacha Walter na William Good wa Kalamazoo, Michigan. Mwaka 1937 walianza kurusha ndege yao waliyoiita Guff, iliyoongozwa kwa redio waliyoitengeneza wenyewe. Mabawa yake yalifika mita 2.4, kwa sababu redio ya siku zile ilikuwa na vioo vya valvu na betri nzito, na ilihitaji ndege kubwa ya kuibeba. Leo Guff iko katika makumbusho ya Smithsonian nchini Marekani.

Wakati huohuo huko Hollywood mwigizaji wa filamu aliyezaliwa Uingereza, Reginald Denny, alikuwa na duka la ndege za mfano. Mapenzi yake yakawa kampuni, Radioplane, iliyolitengenezea jeshi la Marekani maelfu ya ndege ndogo za shabaha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Katika kiwanda hicho ndipo mpiga picha alipomkuta msichana mfanyakazi aliyekuja kujulikana kama Marilyn Monroe. Nakutajia ili uone kwamba mstari kati ya mchezo wa watoto na chombo cha kivita ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Tutauona tena tukifika Kenya.

Mafahali wawili katika zizi moja

Baada ya vita transista ikavumbuliwa (mwaka 1947, katika maabara za Bell), redio zikawa ndogo, na kufikia miaka ya 1960 mtu wa kawaida aliweza kushika usukani ambao ndege iliufuata kwa kiasi kilekile alichousogeza. Kabla ya hapo ulikuwa na kitufe kimoja. Ukibonyeza mara moja ndege inakwenda kulia, ukibonyeza tena inakwenda kushoto, na ukisahau ulikuwa umefika wapi, shauri yako.

Mchezo ukaenea, na hapo likatokea tatizo ambalo kila mwandishi wa programu atalitambua. Kila transmita ilitumia mkondo mmoja wa masafa, uliopangwa na kipande cha krista kilichochomekwa ndani yake. Marekani walitumia megahezi 72, Uingereza 35, na katika kila eneo kulikuwa na mikondo michache tu. Sasa fikiria wewe unarusha ndege yako kwa mkondo fulani, ndege iko mita 80 juu, inakwenda vizuri. Jirani yako anafika uwanjani, anafungua boksi lake, anawasha transmita yenye mkondo uleule ili tu kujaribu kama betri ina moto. Ndege yako inasikia mabwana wawili kwa wakati mmoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Ndege inaanguka, na hakuna aliyefanya jambo la ajabu. Mmoja amewasha swichi tu.

Suluhisho halikutoka maabara. Lilitoka kwa watu wenyewe uwanjani. Katika klabu nyingi walisimamisha ubao, wakauchorea mikondo yote, na kila mkondo ukawa na pegi moja. Ukitaka kuwasha transmita, sharti kwanza uchukue pegi ya mkondo wako na kuibana kwenye antena. Kama pegi haipo ubaoni, kuna mtu angani anayeitumia, unasubiri. Ukitua unazima, unairudisha pegi.

Wenzangu wa programu, mnaona? Ni kufuli. Programu mbili zinapotaka kuandika kwenye faili moja, tunaweka kufuli, na asiyeishika hagusi faili. Kufuli letu linasimamiwa na mashine. Lile la uwanjani lilisimamiwa na tabia njema. Ubao haukuwa na umeme, haukuweza kumzuia mtu yeyote. Ulifanya kazi kwa sababu kila mwanachama alijua kwamba mwenzake akivunja utaratibu, ndege ya kilo tatu yenye propela kali inaweza kumwangukia mtoto wa mtu.

Vyama vya warusha ndege za mfano vilikuwapo kabla ya redio: chama cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1922, na cha Marekani, Academy of Model Aeronautics, mwaka 1936. Lakini redio iliipa klabu sababu mpya ya kuwapo. Huwezi kurusha salama ukiwa peke yako wakati hujui nani mwingine amewasha transmita. Na mkishalazimika kukutana kwa ajili ya pegi, mengine hufuata. Mzee anamwona kijana amefunga bawa vibaya, anamrekebisha. Mgeni anaunganishiwa waya kati ya transmita yake na ya mwalimu, na mwalimu akiona mambo yanaharibika anaachia swichi na kuichukua ndege. Wote wanasimama kwenye mstari mmoja, ndege zote zinabaki mbele yao, na hakuna anayeruka juu ya watazamaji. Bima inalipwa pamoja. Haya yote yaling'ang'ania kwenye pegi kama kupe.

Tatizo lililoisha na kilichoondoka nalo

Kuanzia mwaka 2005 zilianza kuuzwa redio za gigahezi 2.4 za kurushia ndege. Hizi hazina krista. Transmita na risiva hufunganishwa mara moja kwa namba yao ya siri, kisha hutandaza ujumbe wao kwenye mawimbi mengi au kurukaruka kutoka mkondo hadi mkondo. Wazo la kurukaruka lina historia yake: mwaka 1942 mwigizaji Hedy Lamarr na mwanamuziki George Antheil walipata hataza ya kuongoza makombora ya majini kwa mtindo huo, ili adui asiweze kuyapoteza njia. Kwa warusha ndege maana yake ilikuwa moja: watu kumi wanaweza kuwasha pamoja bila kuangushana.

Pegi ikastaafu. Na mimi kama mtu wa teknolojia nasema hayo yalikuwa maendeleo ya kweli. Ajali za kugongana kwa mawimbi zilipungua sana. Lakini pegi ilipoondoka, iliondoka na ile sababu iliyokuwa ikimlazimisha mgeni kupita kwa wenzake. Sasa mtu aliweza kununua boksi, kuchaji betri na kurusha peke yake uani. Mwaka 2010 ikaja Parrot AR.Drone iliyoongozwa kwa simu, na mwaka 2013 DJI Phantom, ambayo ukiachia mikono inasimama yenyewe hewani kwa msaada wa GPS. Hata ustadi wa kurusha haukuhitajika tena.

Nisiwe mkali sana. Walewale wapenda ndege za mfano wa zamani walifanya maajabu. Mwezi Agosti 2003 Maynard Hill, mzee wa Marekani aliyekuwa karibu haoni kabisa, pamoja na wenzake, walirusha ndege ya mfano isiyofika kilo tano kutoka Newfoundland, Kanada, ikavuka bahari ya Atlantiki hadi Ireland kwa karibu saa 39. Ni umbali wa kilomita kama 3,000. Ila waliipoteza ndege moja baada ya nyingine kabla ya ile kufika, na walikuwa kundi, kila mmoja na kazi yake.

Upande wa pili wa shilingi ulionekana Desemba 2018, pale taarifa za droni zilipofunga uwanja wa Gatwick, London. Safari kama 1,000 na abiria wapatao 140,000 waliathirika. Mwenye droni hakupatikana. Kitu kilikuja peke yake, kama angesema yule omong'ina.

Kenya: klabu kwanza, kisha amri

Je, huku kwetu? Usafiri wa anga wa Kenya wenyewe ulianza na klabu. Aero Club of East Africa ilianzishwa Nairobi mwaka 1927, miaka miwili kabla Florence Wilson hajaanzisha shirika lake la Wilson Airways, mwaka 1929, lililoacha jina lake kwenye uwanja wa Wilson. Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilianza kufika Kisumu zikitokea Uingereza, kwa hiyo Nyanza iliona ndege za barua mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika.

Droni zilikuja kwa njia tofauti. Ziliingia kwenye masanduku ya wasafiri, moja moja, bila klabu ya kuzipokea. Serikali ilikuwa na hofu ya usalama, na huwezi kuilaumu. Westgate ilikuwa imeshambuliwa Septemba 2013. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, ilitangaza kwamba hakuna kurusha bila idhini yake na ya Wizara ya Ulinzi. Mwaka 2017 kanuni zikachapishwa, lakini mwaka 2018 Bunge likazibatilisha. Kanuni nyingine zikatoka mwaka 2020, na hizo zikafungua njia: usajili, kibali cha kuingiza chombo nchini, leseni ya mrushaji, kimo kisizidi futi 400 (mita kama 120) kutoka ardhini, na kukaa mbali na watu, majengo na viwanja vya ndege.

Ile ndege yangu ya povu niliirusha 2016, katikati ya ile miaka ya "hakuna". Sijivuni. Wakati ule niliona sheria ni kali mno kwa ajili ya kitu kidogo. Leo naona kwamba mahali ambapo hakuna klabu ya kujisimamia, serikali haina mtu wa kuzungumza naye, na kitu rahisi inachoweza kufanya ni kukataza wote.

Na tazama kilichotokea jirani. Kampuni ya Zipline, iliyoanza kupeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani nchini Rwanda mwezi Oktoba 2016, ilifungua kituo Chemelil, kaunti ya Kisumu, mwaka 2023. Ukiwa Nyamira, Chemelil iko upande wa kaskazini, kule kwenye miwa. Ndege zake zina mabawa na propela, hurushwa kwa manati, hudondosha dawa kwa mwavuli mdogo, na zikipatwa na hitilafu zina mwavuli mkubwa wa kujishusha zenyewe. Hiyo ni jamaa ya karibu ya ndege ya mfano. Yule mpwa wako anayefungua redio za watu aone kuna nini ndani, kazi yake inaweza kuwa pale.

Kwa nini Gusii si mahali pa kujaribia

Nimesoma maelekezo mengi ya nje yanayosema "tafuta eneo wazi lisilo na watu." Mwandishi wake hajafika kwetu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Ukigawa kwa eneo, Kisii ni zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba. Hakuna shamba lisilo na mtu. Kuna shamba ambalo hujamwona mtu wake bado, ameinama kwenye chai.

Pili, vilima. Nimeshaeleza yaliyonipata. Ukisimama ukingo wa Manga unaona mbali ajabu na unadhani ni mahali pazuri, lakini ndege ikishuka chini ya ukingo huioni, na redio nayo haiioni.

Tatu, hewa. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Bawa linahitaji mwendo zaidi, kama asilimia 8 au 9 hivi, ili libebe uzito uleule, na propela nayo hupata hewa kidogo ya kusukuma. Ndege inayotua polepole kwenye video ya mtu wa pwani, kwetu itakuja kasi.

Nne, mvua. Unajua mchana wetu: saa sita jua, saa nane wingu jeusi, saa tisa mawe na radi. Kurusha ni asubuhi. Ukisikia ngurumo ya mbali, teremsha ndege, weka transmita chini.

Tano, helikopta. Nchi nyingine helikopta hutua kwenye viwanja vyake. Kwetu, siku ya mazishi makubwa au kampeni, inatua kwenye uwanja wa shule, ule uleule uliotaka kurushia. Pamoja na uwanja mdogo wa ndege wa Suneka, ambao hauko mbali na mji, ni lazima ujue nani anakuja angani siku hiyo.

Ukijiunga, utakutana na nini

Klabu nzuri haitakupa ndege siku ya kwanza. Itakupa kiti na kompyuta. Kuna programu za kuigiza urukaji ambazo unaangusha ndege mara mia bila kupoteza shilingi, na huko ndiko unakozoea jambo linalowashinda wengi: ndege ikija kwako, kulia kwake ni kushoto kwako.

Kisha utafundishwa tabia ndogondogo. Washa transmita kwanza, ndege baadaye. Ukimaliza, zima ndege kwanza, transmita mwisho. Ukirekebisha mota mezani, ondoa propela, maana mota ya umeme haina onyo, inaamka ghafla na vidole ni vitano tu. Betri ya lithiamu usiipite volti 4.2 kwa kila seli, usiichaji ukiwa umelala, na ikivimba usiitumie tena. Kabla ya kuruka, punguza nguvu ya redio kwa hali ya majaribio, tembea mbali, uone kama usukani bado unaitika. Kisha lile nililolikosa mimi: shikilia ndege chini, zima transmita kwa makusudi, uangalie mota inafanya nini. Ikiendelea kuzunguka, hakuna kuruka.

Awepo mtu wa pili ambaye hashiki kitu. Kazi yake ni kutazama watu, ng'ombe na anga, na akisema "shuka" hakuna mjadala.

Na kabla ya yote hayo, uliza KCAA kanuni zikoje siku hiyo, kwa sababu zimebadilika mara kadhaa na zinaweza kubadilika tena. Uliza kabla ya kuagiza, usisubiri mzigo ufike forodhani. Mwenye uwanja naye aombwe, na majirani waambiwe.

Sisi tuko watano. Hukutana Keroka, kwa sababu mji huo umekaa mpakani, nusu Kisii nusu Nyamira, hakuna anayeweza kusema amealikwa ugenini. Kikundi hakina jina wala cheti bado. Tunaendelea na utaratibu wa vibali, na mpaka vikamilike haturushi nje. Tunajenga, tunafanya mazoezi kwenye kompyuta moja yenye usukani mmoja, na ndani ya ukumbi tunarusha vindege vya gramu 30 ambavyo vikikugonga utacheka.

Ukutani tumebandika ubao wenye pegi moja, niliyonunua soko la Daraja Mbili pamoja na wenzake kumi na mmoja waliobaki kubania nguo zangu. Redio zetu zote ni za gigahezi 2.4, hazihitaji pegi. Lakini anayerusha huibana kwenye kola ya shati lake, na kwa dakika hizo kila mtu ukumbini anajua kitu kilicho hewani kina mwenyewe, na mwenyewe ni nani.

Yule msichana wa mtungi yuko sekondari sasa. Jumamosi iliyopita alikuja na nyanya yake. Alipoomba kujaribu, nilimwonyesha ubao, akaenda kuchukua pegi. Nyanya yake alivuta kiti, akakikagua kile kindege pande zote, kisha akaniuliza kama safari hii nimesoma kile kijitabu.

Nimekisoma, nyanya. Mara mbili.